UZI: Umemaliza kidato cha nne, unataka kujitolea kwenye asasi na huna mjomba ndani? Pitia hapa

Karani wa Moro

Wanajamvi, salaam.

Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, matokeo hutoka Januari, kidato cha tano hufunguliwa Julai. Hapo katikati kuna kijana wa miaka 16 au 17 yuko nyumbani. Wenye uwezo wanapelekwa tuisheni, wengine wanakabidhiwa genge la mama wauze, waliobaki wanashinda na simu. Kila mwaka majira haya naona humu maswali yaleyale: "Wakuu, naombeni koneksheni ya NGO inayochukua fomu foo." Majibu nayo ni yaleyale: "njoo inbox" au "soma kwanza dogo, kazi zipo." Hakuna anayesaidiwa.

Mimi nipo kwenye asasi ndogo hapa Morogoro, na miongoni mwa kazi zangu ni kupokea barua za maombi. Kwa hiyo nitaeleza mambo yanavyoonekana tukiwa upande wa pili wa meza.

La kwanza, acha kutafuta tangazo. Nafasi za utarajali zinazotangazwa si zako bado. Mpango wa serikali wa utarajali ni wa wahitimu wa vyuo. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanataka uwe chuo kikuu au uwe umemaliza. Mashirika makubwa yenye magari meupe yanataka shahada na "uzoefu usiopungua miaka miwili" hata kwa mtu wa kujitolea, sijui huo uzoefu wanadhani unauzwa wapi. Ukikaa unasubiri tangazo lililoandikwa "kidato cha nne waombe", Julai itakukuta hapohapo.

Asasi ndogo hazitangazi. Zina mkurugenzi, mhasibu anayekuja kwa zamu, maafisa mradi wawili na mlinzi. Lakini kazi zinazolala mezani ni nyingi mno: fomu za mahojiano hazijaingizwa kwenye kompyuta, orodha za mahudhurio ya semina hazijapangwa, picha za miezi sita zipo kwenye simu ya mtu mmoja, vitabu vya maktaba ya watoto havijaandikishwa. Hizo zote kijana wa kidato cha nne aliyetulia anaziweza. Shida ni kwamba hakuna anayekuja kusema "mimi naweza hiki." Wanakuja wanasema "naomba nafasi yoyote."

Utazijuaje asasi za karibu na kwenu? Nenda ofisi ya kata, muone Afisa Maendeleo ya Jamii. Mashirika haya yamesajiliwa kwa Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, msajili yupo chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, na huku wilayani wanaoyasimamia ni hao hao maafisa maendeleo. Asasi ikitaka kufanya kazi kwenye kata lazima ipite kwao. Anajua ipi inafanya kazi kweli na ipi imebaki kibao tu barabarani. Huduma hiyo ni bure na wala haihitaji kujuana.

Sasa barua. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Ninazopokea nyingi zimenakiliwa mtandaoni, Kiingereza kirefu cha "I am hardworking and able to work under pressure," na jina la asasi nyingine limesahaulika katikati. Kama kazi za asasi zinafanyika kwa Kiswahili, andika Kiswahili. Barua kama hii mimi naipeleka kwa mkurugenzi siku hiyohiyo:

*Mkurugenzi,*
*(jina la asasi, limeandikwa sawasawa)*

*YAH: OMBI LA KUJITOLEA, FEBRUARI HADI MEI*

*Mimi ni mhitimu wa kidato cha nne, nina umri wa miaka 17, mkazi wa mtaa wa …, kata ya …. Nimeelekezwa kwenu na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yetu.*

*Nafahamu kuwa mnaendesha darasa la kusoma kwa watoto kila Jumamosi katika shule ya msingi …, kwa sababu mdogo wangu anahudhuria. Naomba kujitolea kusaidia darasa hilo, na siku nyingine mbili za wiki nisaidie kazi za ofisi. Naweza kuchapa kwa kompyuta, na shuleni nilikuwa msimamizi wa maktaba.*

*Natarajia kwenda kidato cha tano mwezi Julai. Mzazi wangu anafahamu ombi hili na ameweka sahihi hapa chini pamoja na namba yake ya simu.*

*Nitafika ofisini kwenu Jumatatu tarehe … saa nne asubuhi kupata majibu.*

Ni fupi. Ina muda wa kuanza na kuisha, na hicho ndicho kinachotutoa hofu, maana mkurugenzi akisikia "kujitolea" anawaza mtu atakayeganda ofisini akidai ajira. Ina kazi mahususi. Ina mzazi. Na ile sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu barua isiyo na siku ya kurudi huwa inaishia kwenye droo. Ukisema Jumatatu, uje Jumatatu kweli.

Ambatanisha barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na nakala ya cheti cha kuhitimu. CV si lazima, una miaka 17, utaandika nini humo?

Maswali karibuni.

---

Kijana wa Mbagala

Shikamoo mkuu. Mimi ndiye huyo uliyemuandika. Nimemaliza shule ya kata, sina laptopu, Kiingereza changu cha kuunga. Nimetuma barua pepe kwa mashirika mengi sana ya Masaki na Mikocheni, hakuna hata moja lililojibu. Hivi nguvu zangu nizielekeze wapi?

---

Karani wa Moro

Marahaba mdogo wangu. Acha Masaki kwanza. Barua pepe kutoka kwa mtu wasiyemjua, kwenye anwani ya "info", hata sisi hatuzisomi zote. Anza pale unapoweza kuingia bila kuomba nafasi, wakuzoee uso, halafu uombe.

---

Binti wa Jumatano

Naongezea hapo kwa Kijana wa Mbagala, mdogo wangu nisikilize. TGNP, wale wa Mtandao wa Jinsia, wapo Mabibo, na kwa miaka mingi wamekuwa na semina za Jinsia na Maendeleo kila Jumatano, zipo wazi kwa yeyote, hulipi kitu. Mimi nilianza kuhudhuria nikiwa nasubiri matokeo. Mara ya kwanza nilikaa nyuma kabisa kama mtu wa kusindikiza. Wanaokuja ni kina mama wa vikundi vya Kipunguni, vijana wa vituo vya taarifa na maarifa, watu wa kawaida kabisa, na mjadala ni wa Kiswahili. Kule ndiko nilikojifunza bajeti ya halmashauri inasomwaje, kitu ambacho hata chuo hawakunifundisha vizuri.

Na ukikaa pale unasikia nani anafanya nini mtaani kwenu. Nafasi yangu ya kwanza niliipata kwa mama mmoja wa kikundi aliyekuwa anatafuta mtu wa kumuandikia muhtasari wa vikao. Hakuna tangazo lililotoka.

HakiElimu nao, asasi ya kutetea elimu iliyoanza mwaka 2001, wana mtandao wa Marafiki wa Elimu. Kujiunga hauhitaji shahada. Ukiwa Rafiki wa Elimu unaweza kufuatilia shule ya mtaani kwako na kuandika unachokiona. Nipe Fagio, asasi ya usafi wa mazingira, wakiwa na usafi wa fukwe au mito hapa Dar, hasa ile siku ya usafi duniani ya Septemba, wanahitaji mikono mingi. Nenda na glovu zako, ukimaliza usikimbilie daladala, baki usaidie kupima taka. Kazi ya kupima na kuandika aina za taka ndiyo wanayoithamini, na watu wengi wanaikwepa.

---

Sitaki Longolongo

Samahanini nitaharibu sherehe. Kujitolea ni jina zuri la kufanyishwa kazi bure. Nimeona asasi moja inachukua watoto wa kidato cha nne, wanabeba viti kwenye semina, wanagawa maji, wafadhili wakija wanavalishwa fulana za mradi na kupigwa picha. Ripoti inaandikwa "vijana walijengewa uwezo." Mtoto anarudi nyumbani kwa miguu. Halafu mzungu wa umri uleule anakuja Arusha au Moshi, analipa kampuni ya kwao fedha nyingi ili "ajitolee" kufundisha darasa ambalo hajui hata lugha yake, na yeye anapewa kiti na chai.

---

Karani wa Moro

Sibishi sana hapo, mkuu. Hiyo ya Arusha na Moshi naijua, na ni aibu yetu kwamba kijana wa Kijenge anakataliwa kwenye kituo kilicho nyuma ya nyumba yao kwa kuwa "hatuna nafasi", kesho yake basi dogo linashusha wageni kumi.

Ila dawa yake si kukaa nyumbani. Dawa ni kupatana kabla ya kuanza. Omba vitu vitatu tu: nauli na chakula cha mchana siku unazofika, mtu mmoja anayekusimamia kwa jina, na barua mwisho wa muda. Asasi ikikwambia haina uwezo wa kukulipa, ni kweli mara nyingi. Ikikwambia haina nauli ya daladala kwa siku mbili za wiki wakati mkurugenzi yupo semina hotelini kila mwezi, ondoka. Na ukiona wiki ya tatu bado unabeba viti tu, muulize msimamizi wako kwa adabu: "Bosi, ile kazi ya fomu tuliyokubaliana nianze lini?" Ukiona anazunguka, umeshapata jibu.

---

Mama wa Watoto Wawili

Mimi ni mzazi, binti yangu ana miaka 16. Nasoma haya yote najiuliza, akienda huko nani anamlinda? Ofisi zenyewe nyingine ni nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu na mabosi wanaume. Na sheria inaruhusu mtoto wa miaka 16 kufanya kazi?

---

Mstaafu wa Maendeleo ya Jamii

Mama, swali lako ni la msingi kuliko yote humu. Niliwahi kuwa afisa maendeleo, niruhusu nijibu.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na umri wa chini wa kufanya kazi ni miaka 14, tena kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia masomo. Kwa hiyo binti wa miaka 16 kusaidia kazi za ofisi mchana hakuna kosa. Kumlaza kwenye safari za mradi vijijini ni habari nyingine. Mimi kwa chini ya miaka 18 nilikuwa nasema hapana, isipokuwa mzazi aandike ridhaa na awepo mwanamke mtumishi anayejulikana.

Nenda naye siku ya kwanza. Usione haya. Kaa na mkurugenzi, uliza kama wana sera ya ulinzi wa mtoto, na umuombe akuoneshe. Asasi yoyote inayofanya kazi na watoto na kupokea fedha za wafadhili inatakiwa iwe nayo, maana wafadhili wengi wanaidai. Akianza kukunja uso kwa sababu umeuliza, mchukue mwanao mrudi nyumbani.

Kuwe na miadi kwamba haitwi ofisini jioni wala mwisho wa wiki bila wewe kujulishwa, na mawasiliano yapite kwenye simu yako au kundi la WhatsApp ambalo wewe upo. Mtu akimtaka kimapenzi ili ampe nafasi au barua, hiyo ni rushwa ya ngono, ipo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Namba ya TAKUKURU ni 113, bure. Kwa mtoto ipo 116, simu ya huduma kwa mtoto inayoendeshwa na C-Sema, nayo bure. Aziweke kwenye simu kabla hajaanza, si baada ya tatizo.

Jambo moja la pembeni. Vijana wengi wanakimbilia vituo vya watoto yatima kwa kuwa huruma ni rahisi kupigia picha. Makao ya watoto yanatakiwa kuwa na leseni. Uliza leseni. Na hata kikiwa nayo, mtoto aliyekwishaachwa mara moja hahitaji dada mpya wa miezi mitatu anayempenda sana kisha anatoweka. Kama ni kituo, omba kazi za jikoni, bustani au kufundisha hisabati.

---

Mama wa Watoto Wawili

Asante sana baba. Hiyo ya kwenda naye siku ya kwanza nimeichukua.

---

Msalaba wa Tanga

Hamjataja Msalaba Mwekundu na mimi ndiyo ulionilea. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kipo tangu 1962 na kina matawi mikoani, kwa hiyo si lazima uwe Dar. Uliza tawi la mkoa wako au klabu za shule. Unajiunga kama mwanachama, unapata mafunzo ya huduma ya kwanza, na baada ya hapo unaonekana: mechi za mpira, mbio, mafuriko yakitokea. Sisi hapa Tanga mvua zikizidi tunajua zamu zetu.

Ninachokipenda ni kwamba unatoka na ujuzi wa mkononi. Barua ya kusema "alikuwa mwaminifu na mchapakazi" anayo kila mtu. Kufunga jeraha na kumlaza vizuri mtu aliyezimia si kila mtu anajua. Nilipoenda kuomba chuo cha uuguzi, maswali ya usaili yalikwenda hukohuko.

---

Jirani wa 254

Sasa wadau wa Bongo. Hapa Kenya hali inafanana, KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, inaisha Novemba na chuo ni Agosti au Septemba. Wale waliopata alama za juu kabisa wana Equity Leaders Program ya benki ya Equity, wanaitwa kufanya kazi kwenye matawi ya benki kabla ya chuo na wanalipwa. Lakini hao ni wachache sana, sisi wengine tulipitia President's Award, ile programu ya tuzo kwa vijana. Unaanza kuanzia miaka 14 kwa kiwango cha shaba, na sehemu mojawapo ni huduma kwa jamii, lazima uifanye kwa miezi kadhaa mfululizo na mtu akusainie. Ukienda kwa shirika na kile kitabu cha tuzo mkononi, wanakuelewa haraka, kwa sababu si wewe unayeomba kazi, ni programu inadai. Kama shule yenu ina kitu kama hicho, hata kama ni skauti ama Girl Guides, tumieni.

---

Mpiga Boksi Maryland

Naunga mkono ya jirani. Mimi nipo Maryland, Marekani, na wanangu wanasoma hapa. Jimbo hili mwanafunzi wa shule ya umma hapati cheti cha sekondari bila saa 75 za huduma zinazohusishwa na masomo. Kwa hiyo watoto wanajua tangu wadogo: ukisaidia benki ya chakula leo, fomu inajazwa leo na mtu anasaini leo.

Nyumbani tunafanya kazi kubwa kuliko hizo na hatuandiki popote. Kijana amefundisha watoto wa mtaa mzima kusoma, ukimuuliza anasema "nilikuwepo tu nyumbani." Nunua daftari la kurasa chache. Tarehe, saa, ulichofanya, sahihi ya msimamizi. Siku ukiomba ufadhili, kwa mfano wa Mastercard Foundation, ambao wanaangalia sana mchango wako kwa jamii, hutaanza kukumbuka kwa kubahatisha.

---

Mtu wa Michenzani

Assalaam aleykum. Kwa wenzetu wa Unguja na Pemba, hiyo sheria ya 2002 mliyoitaja ni ya Bara, huku jumuiya zina usajili wake. Barua ya utambulisho anzeni kwa sheha. TAMWA Zanzibar, chama cha wanahabari wanawake, wapo, na jumuiya ndogondogo za mazingira za mashamba ambazo zinahitaji vijana kwenye vitalu vya mikoko na hazina hata mtu wa kuandika ripoti. Mjini kila mtu anataka kukaa ofisi yenye kiyoyozi.

---

Mwalimu wa Zamu

Na je, kama kijijini hakuna asasi yoyote? Nafundisha sekondari huku Rukwa, ukiondoa kanisa na zahanati hakuna kibao chochote.

---

Karani wa Moro

Mwalimu, kanisa na zahanati zinatosha kuanzia. Idara za maendeleo za dayosisi ni asasi kama zetu, zina miradi ya maji, lishe na VICOBA, na zinahitaji mtu wa kuandika. Misikiti na madrasa vilevile.

Halafu kuna njia ya kuanzisha wenyewe. Roots & Shoots (klabu za vijana za mazingira) ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025, leo ipo nchi nyingi duniani, lakini ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 wa sekondari waliokutana barazani kwake. Hawakuwa na ofisi. Klabu ya shule yako ikipanda miti na kuandika ipi imepona na ipi imekufa, mwaka wa pili mna kitu cha kuonesha. Fema, wale wa jarida la vijana, nao wana klabu mashuleni, kama shule yako haina, waandikie.

---

Sitaki Longolongo

Nimesoma hadi hapa, naanza kulainika. Ila ongezeni hili: kuna watu wanawatumia vijana ujumbe kwamba wamechaguliwa kujitolea NGO fulani, watume elfu ishirini ya "fomu na kitambulisho." Ni matapeli. Tena wanatumia majina ya mashirika yanayojulikana.

---

Karani wa Moro

Kweli kabisa. Chama chenye uanachama kina ada yake na kinatoa stakabadhi, hiyo ni tofauti. Lakini anayeomba pesa kwa namba ya mtu binafsi ili upate usaili, mpotezee na mripoti.

---

Kijana wa Mbagala

Wakuu narudi. Nilikwenda kata, afisa akanitajia asasi mbili, moja ina maktaba ya watoto hapa Charambe. Nimepeleka barua ya Kiswahili kama ile, Jumatatu nikarudi. Wamenikubalia siku tatu za wiki, nauli wanatoa, chakula hawatoi. Kazi ni kuandikisha vitabu na kusoma na watoto wa darasa la pili. Wameniuliza naweza Excel, nikasema najifunza.

Swali: uchaguzi wa kidato cha tano ukitoka na nikapangiwa mbali, inabidi niache kabla ya muda niliosema. Nitaonekana msumbufu?

---

Karani wa Moro

Hongera mdogo wangu. Hautaonekana msumbufu, kila mtu anajua unaenda shule. Majina yakitoka tu, waambie siku hiyohiyo, usisubiri mpaka umepakia begi. Mwoneshe mwenzako atakayebaki umefikia rafu ipi na ulikuwa unaandikaje namba za vitabu. Kwenye Excel, muombe mhasibu akuoneshe kujumlisha na kuchuja, hayo mawili yatakutosha kwa maktaba.

Barua ya kuthibitisha kazi yako iombe wiki mbili kabla ya kuondoka, na uwaandikie rasimu mwenyewe: tarehe za kuanza na kumaliza, vitabu vingapi umeandikisha, watoto wangapi umesoma nao. Mkurugenzi atapunguza sifa na kuweka muhuri. Ukishapanda basi la shule, barua haiandikwi tena.